SLACR au SL9UM: jinsi ya kusoma maandishi yaliyo juu ya prosesa

Swali. Msomaji wetu wa Tanga anaandika: "Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, iliyokuwa ya ofisini, yenye prosesa ya Intel Core 2 Quad Q6600. Nilipoifungua kuisafisha nilikuta juu ya prosesa pameandikwa SL9UM, na chini yake L704A ikifuatiwa na tarakimu nyingine. Fundi mmoja hapa mjini ana Q6600 yake iliyoandikwa SLACR na L738B, naye anataka nimpe ya kwangu na kuongeza shilingi 20,000, kwa maelezo kwamba ya kwake inakubali kuovaklokiwa, yaani kuendeshwa kwa kasi kuliko ile iliyoandikwa, hadi gigahezi 3.6. Zote mbili zimeandikwa 2.40GHZ. Je, herufi hizo zina maana yoyote, au naibiwa?"

Jibu. Fundi hakudanganyi kuhusu herufi. SLACR na SL9UM ni alama za kweli, maana yake imeelezwa katika nyaraka za Intel yenyewe, na kati ya hizo mbili SLACR ndiyo iliyo bora. Kasoro iko kwenye ahadi ya gigahezi 3.6, kwa kuwa hakuna herufi iliyochongwa juu ya prosesa inayoweza kuahidi kasi inayozidi ile iliyoandikwa kando yake, na kwa kompyuta uliyoieleza, yaani ya ofisini yenye mazabodi ya kampuni iliyoiunda, huenda kasi hiyo isipatikane hata kama prosesa ingeiweza. Nitaeleza alama moja baada ya nyingine, kisha nitarudi kwenye shilingi zako 20,000.

Ukiifuta krimu ya kupitisha joto kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, utasoma mistari kadhaa juu ya kifuniko cha chuma cha prosesa. Mstari wa juu una jina la Intel, alama ya hakimiliki pamoja na mwaka wa tarakimu mbili, na jina la modeli, ambalo kwako ni Q6600. Mwaka huo huwapotosha wengi: ni mwaka wa hakimiliki, wala hauhusiani na siku prosesa yako ilipotoka kiwandani. Chini ya jina la familia huja alama ya herufi na tarakimu tano inayoanza na S, na pembeni yake jina la nchi, kwa mfano MALAY. Kisha hufuata mstari wa sifa, 2.40GHZ/8M/1066 na kuendelea, maana yake kasi ya gigahezi 2.4, kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 8, na basi, yaani njia ya data kati ya prosesa na mazabodi, la megahezi 1066. Mwishoni mwa mstari huo kuna 05A au 05B, ambayo ni daraja la mahitaji ya umeme na joto, na B hudai mazabodi yenye nguvu zaidi kuliko A. Mstari wa mwisho, ule unaoanza na L kwenye prosesa zote mbili, ni namba ya bechi.

Alama ya herufi tano ndiyo yenye uzito, kwa sababu kila alama ya namna hiyo ni ya bidhaa moja tu katika hali moja tu ya muundo. Intel haiuzi "Q6600" kama kitu kimoja kisichobadilika. Muundo wa chipu hurekebishwa mara kadhaa wakati wa uhai wake: dosari zilizogunduliwa huondolewa, michoro inayotumika kuchapa transista juu ya sahani ya silikoni huboreshwa, na umeme unaovuja kupitia transista zilizozimwa hupunguzwa. Kila hatua ya marekebisho hayo huitwa stepingi na hupewa jina fupi la herufi na tarakimu. Q6600 ilipotoka Januari 2007 ilikuwa stepingi B3, na ndiyo SL9UM yako. Katikati ya mwaka huohuo ikaja stepingi G0, ambayo kwa Q6600 ndiyo SLACR. Zote zina kiini cha nanomita 65, au tuseme viini viwili, kwa kuwa Q6600 ni vipande viwili vya silikoni vyenye koa mbili (sehemu zinazofanya hesabu) kila kimoja, vilivyokaa pamoja chini ya kifuniko kimoja. Zote zina kasi ileile na kumbukumbu ileile ya ndani, na ukizipima katika kazi za kawaida hutaona tofauti.

Tofauti imo katika tarakimu mbili ambazo hazikuchongwa juu ya kifuniko. B3 imepangiwa kiwango cha joto cha wati 105, na kifuniko chake hakitakiwi kuzidi nyuzi 62.2 za sentigredi. G0 imepangiwa wati 95, na kifuniko chake kinaruhusiwa kufika nyuzi 71. Wati 10 huonekana kidogo. Nyuzi 9 za ziada si kidogo hata kidogo, hasa Tanga, na nitazirudia baadaye kwa sababu ndizo kiini cha ushauri wangu.

Kabla ya kumwamini fundi au kifuniko, iulize prosesa yenyewe. Tangu Pentium ya mwaka 1993, prosesa za aina hii hubeba ndani ya silikoni amri inayoitwa CPUID, ambayo programu yoyote inaweza kuitumia kuuliza wewe ni nani, na jibu hutoka kwenye saketi, si kwenye maandishi ya juu. Kwa B3 jibu ni 06F7, kwa G0 ni 06FB. Namba hizi ziko katika mfumo wa kuhesabu kwa 16, ambamo A hadi F husimama badala ya 10 hadi 15. Hivyo 6 ni familia, F ni modeli ya 15, na tarakimu ya mwisho ndiyo stepingi, 7 au B, yaani 11. Katika Windows programu ya CPU-Z itakuonyesha neno B3 au G0 moja kwa moja. Katika Linux amri ya lscpu itakuandikia modeli 15 na stepingi 7 au 11 kwa tarakimu tunazozizoea, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa wakidhani stepingi 11 na stepingi B ni vitu viwili. Mwombe fundi aiwashe prosesa mbele yako na kukuonyesha namba hiyo. Kifuniko kinaweza kukwanguliwa na kuchongwa upya, na biashara ya namna hiyo iliwahi kushamiri duniani enzi za Pentium II, lakini CPUID haipakwi rangi.

Jambo jingine la kuangalia wakati huohuo: kama badala ya alama ya herufi tano inayoanza na S utakuta alama ya herufi nne inayoanza na Q, pamoja na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba kitu hiki ni siri ya Intel, hiyo ni sampuli ya majaribio iliyotolewa kwa watengenezaji kabla ya bidhaa kuuzwa. Usiinunue kwa bei yoyote. Mazabodi nyingi hazina maelekezo ya kuitambua, na haina dhamana ya mtu yeyote.

Sasa namba ya bechi, ambayo ndiyo imezaa hadithi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifuniko. Herufi au tarakimu ya kwanza hutaja kiwanda cha kufungashia na kupimia: L na Q ni Malaysia, 3 ni Kosta Rika, 7 ni Ufilipino, na X, iliyokuja baadaye sana, ni Vietnam. Tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka, na mbili zinazofuata ni wiki ya mwaka huo. Kwa hiyo L704A yako ilifungashwa Malaysia katika wiki ya 4 ya mwaka 2007, wakati Q6600 ilikuwa bado mpya kabisa sokoni, na L738B ya fundi ni ya kiwanda cha nchi hiyohiyo katika wiki ya 38, yaani Septemba ya mwaka uleule. Tarakimu ya mwaka ni moja tu, hivyo 7 ingeweza kuwa pia 2017, lakini kwa Q6600 hakuna utata. Tarehe hizo zinakubaliana na alama za stepingi, kwa kuwa B3 ya Januari na G0 ya Septemba ndivyo inavyotarajiwa; laiti fundi angekuonyesha SLACR yenye wiki ya 4 ya 2007, ningekuambia ukimbie.

Hadithi yenyewe ni hii, kwamba bechi za nchi fulani huovaklokika vizuri kuliko za nchi nyingine. Ni ya tangu mwaka 1998, wakati Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini ya megahezi 300, ilipogundulika kwamba ukiipandishia basi kutoka megahezi 66 hadi 100 ilikwenda megahezi 450 bila kulalamika, na wapenzi wa mambo hayo wakaanza kubishana kama ya Malaysia inaishinda ya Kosta Rika. Ubishi huo ulisahau kwamba viwanda vya Malaysia na Kosta Rika havikuchapa silikoni. Sahani za silikoni zilichapwa katika viwanda vingine kabisa, kwa mfano vya Marekani na Ayalandi, zikapelekwa kukatwa, kufunikwa na kupimwa kwingineko. Jina la nchi linakuambia chipu ilivikwa nguo wapi, halikuambii ilizaliwa wapi.

Wiki ya kutengenezwa ina maana kidogo zaidi, kwa sababu kiwanda kinachochapa kitu kilekile kwa miezi mingi hujifunza, na silikoni ya mwezi wa kumi kwa wastani huwa safi kuliko ya mwezi wa kwanza. Neno la kuzingatia hapo ni wastani. Ndani ya sahani moja ya silikoni, chipu za katikati na za pembezoni hazifanani; unene wa tabaka na kiasi cha kemikali zilizopandikizwa hutofautiana kwa kiwango kidogo mno, lakini kinachotosha kuifanya chipu moja ihitaji volti 1.2 na jirani yake ihitaji volti 1.3 kwa kasi ileile. Kiwanda hulijua hilo, na ndiyo maana kila Q6600 huchomewa ndani yake volteji yake binafsi, inayoitwa VID, ambayo programu kama Core Temp huisoma kwa sekunde moja. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na Q6600 nne, zote SLACR, mbili kati yake zikiwa zimepishana wiki moja tu. Moja ilikwenda gigahezi 3.4 kwa utulivu siku nzima, na dada yake, juu ya mazabodi ileile na chini ya feni ileile, ilianza kutoa makosa ya hesabu kila nilipopita 3.1. Herufi zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni VID, na hata hiyo ni dalili tu, kwa kuwa baadhi ya chipu hupewa volteji ndogo kwa sababu zinavujisha umeme mwingi, na hizo hupata joto haraka mno ukijaribu kuzisukuma.

Isieleweke kwamba herufi na tarehe hazijawahi kuamua jambo. Zimewahi. Athlon XP 2500+ ya AMD, ile yenye kiini cha Barton, ilikuwa na kizidishi, yaani namba inayozidishwa na mapigo ya basi ili kupata kasi, cha 11 juu ya basi la megahezi 166, sawa na megahezi 1833, na ukiweka basi la megahezi 200 ulipata megahezi 2200, ambazo ndizo kasi halisi ya 3200+ iliyouzwa ghali zaidi. Watu walitafuta stepingi iliyoandikwa AQXEA, na kando yake tarehe ambayo AMD iliichapa wazi, tarakimu mbili za mwaka na mbili za wiki, kama 0331. Tarehe hiyo ilikuwa na thamani ya fedha, kwa sababu kuanzia karibu wiki ya 39 ya mwaka 2003 AMD ilianza kufunga kizidishi, na prosesa mbili zenye jina moja zikawa vitu viwili tofauti mikononi mwa mnunuzi. Vivyo hivyo kwa Core i7-920: SLBCH ilikuwa stepingi C0, SLBEJ ilikuwa D0, na D0 kwa ujumla ilifika gigahezi 4 kwa volteji ndogo kuliko ndugu yake. Katika mifano yote hiyo alama ilimwambia mnunuzi ni kundi gani lenye nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa. Haikumwambia chochote kuhusu ile moja atakayoishika mkononi.

Turudi kwenye mashine yako. Kasi ya Q6600 ni kizidishi mara mapigo ya msingi ya basi: 9 mara 266 ni karibu 2400. Kile 1066 kilichoandikwa juu ya kifuniko ni 266 mara 4, kwa kuwa basi hilo hubeba data mara nne kwa kila pigo. Kizidishi kimefungwa kwa upande wa juu, hakipiti 9, hivyo njia pekee ya kuongeza kasi ni kuongeza mapigo ya basi. Ukiweka 333 utapata gigahezi 3.0, na ukiweka 400 utapata 3.6, ile anayoitaja fundi. Lakini mapigo hayo hayatolewi na prosesa, hutolewa na mazabodi, na basi hilo hilo hubebwa na chipseti, yaani chipu za mazabodi zinazoiunganisha prosesa na sehemu nyingine, nayo kumbukumbu za RAM hufuata nyuma. Chipseti ya Q965, iliyotumika sana katika kompyuta za ofisini za miaka hiyo, imepangiwa mwisho megahezi 1066, yaani palepale ulipo sasa. Q35 na P35 zimepangiwa 1333, ambayo ni 333 mara 4. Hakuna kati ya hizo iliyopangiwa 1600, ingawa mazabodi nzuri za P35 zilizoundwa kwa ajili ya wapenzi ziliweza kufika huko. Zaidi ya hayo, BIOS, yaani programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, kwenye kompyuta ya ofisini kwa kawaida haina kabisa ukurasa wa kubadili mapigo wala volteji. Kampuni inayouza mashine 500 kwa benki haitaki karani acheze na basi.

Fanya hivi leo kabla ya kuongea tena na fundi: ingia kwenye BIOS, pitia kila ukurasa, na utafute mahali panapokuruhusu kuandika 266 upya. Kisha fungua CPU-Z, sehemu ya mazabodi, usome jina la chipseti. Kama hakuna pa kubadili na chipseti ni ya megahezi 1066, basi mjadala wa kuovakloki umekwisha, na SLACR ya fundi itakaa kwenye 2.4 kama ilivyokaa SL9UM yako. Najua kuna watakaokuelekeza kwenye programu zinazojaribu kuamrisha chipu ya saa, ile inayotoa mapigo, kutoka ndani ya Windows, au kwenye ujanja wa kufunika kwa utepe kituo kimoja cha kupitisha umeme kilicho chini ya prosesa ili mazabodi idhani imepewa prosesa ya basi la 1333. Ujanja huo ni wa kweli na umewahi kufanya kazi. Kwenye chipseti isiyopangiwa kasi hiyo, hata hivyo, matokeo ya kawaida ni mashine isiyowaka, au mbaya zaidi, mashine inayowaka na kuharibu mafaili kimyakimya, na mimi simshauri mtu afanye hivyo kwenye kompyuta yake ya pekee.

Kuna hesabu nyingine ambayo fundi hakukupigia. Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Kutoka 2.4 hadi 3.0 bila kugusa volteji ni ongezeko la robo, jambo linalovumilika. Kufika 3.6 mara nyingi hudai kuongeza volteji, tuseme kutoka 1.25 hadi 1.375, na hapo unazidisha 1.5 kwa 1.21, unapata zaidi ya mara 1.8 ya umeme wa mwanzo. Joto lote hilo lazima litoke kupitia kipoza joto kilichochaguliwa na kampuni kwa bei ya chini kabisa iliyowezekana, na pawa saplai na vilishi vya umeme vya mazabodi vilivyopimwa kwa wati 95 au 105 vibebe mzigo ambao havikukusudiwa. Matokeo mengi unayoyasoma mtandaoni yalipatikana katika vyumba vya Ulaya vyenye nyuzi 20 au 22. Chumba cha Tanga mwezi wa Februari kina nyuzi 32, na ndani ya kasha la kompyuta ongeza nyuzi 6 kwa makadirio ya upole, bila kuhesabu vumbi na chumvi ya bahari.

Hapo ndipo zile nyuzi 9 zinapopata maana yake. Hewa ya ndani ikiwa nyuzi 38, SL9UM yako inabakiwa na nafasi ya nyuzi 24 tu kabla ya kifuniko kufika kwenye mpaka wake wa 62.2, na ndani ya nafasi hiyo inatakiwa kumwaga wati 105. SLACR inabakiwa na nyuzi 33 za kumwaga wati 95. Kwa maneno mengine, kipoza joto kinachohangaika na B3 wakati wa joto kinaweza kuitosha G0 bila feni kupiga kelele. Hii ni faida utakayoipata hata kama hutaovakloki megahezi moja: mashine tulivu zaidi, na yenye uwezekano mdogo wa kujipunguzia kasi yenyewe mchana wa jua kali. Kwa hiyo kubadilisha kuna maana, ila maana hiyo ni ya joto, si ya 3.6.

Ikiwa utagundua kwamba mazabodi yako inaruhusu, basi nenda kwa hatua ndogo. Weka kwanza kiwango cha RAM chini, ili makosa yakitokea ujue yametoka kwenye prosesa: kwenye basi la 333, RAM ya DDR2-667 inakwenda sambamba kabisa, na ya DDR2-800 inabakiwa na akiba. Acha volteji ilivyo. Panda kwa megahezi 10 za basi kila mara, na baada ya kila hatua endesha Prime95 kwa dakika 20 hivi huku ukitazama joto la kila koa. Programu hiyo hufanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, na koa moja ikikosea hata mara moja, rudi nyuma hatua mbili. Ukifika 333 na mambo yakatulia, iache ifanye kazi usiku kucha. Uzoefu wa miaka mingi ni kwamba G0 nyingi hufika gigahezi 3.0 kwa volteji zao za kiwandani, na hapo ningekuomba usimame, kwa sababu ongezeko la robo bila volteji ya ziada ndilo bora zaidi utakalolipata kwenye prosesa hii katika mwambao wetu.

Kwa wasomaji wenye mashine za miaka ya karibuni, niseme kwa ufupi kwamba mchezo wa kusaka stepingi umepoa. Katika kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011, Intel ilifunga mapigo ya msingi ya megahezi 100 pamoja na mabasi mengine karibu yote, hivyo kuyapandisha zaidi ya asilimia chache kuliivuruga mashine nzima, na ruhusa ya kuovakloki ikahamia kwenye jina: Core i5-2500K ina kizidishi kilicho wazi, i5-2500 imefungwa kwa kiasi kikubwa, na hata hiyo yenye K haifiki popote juu ya mazabodi ya H61. AMD kwenye Ryzen iliacha vizidishi vya modeli nyingi wazi, lakini si kwenye chipseti ya A320, na si kwenye modeli kama 5800X3D. Isitoshe, prosesa za leo hujipandisha zenyewe hadi karibu na mwisho wa uwezo wake kila zinapopata nafasi ya joto, na akiba ambayo sisi tuliitafuta kwa utepe sasa inauzwa ndani ya boksi.

Kuhusu fedha, basi. Ikiwa mazabodi yako imefungwa, mwambie fundi kwamba unabadilishana kwa ajili ya joto, na umpe nusu ya anachotaka au pungufu. Kwa fedha inayobaki utapata krimu mpya ya joto na kusafisha kipoza, kazi ambayo peke yake inaweza kukupa sehemu kubwa ya nafuu unayoitafuta. Ikiwa mazabodi iko wazi na chipseti inafika 1333, shilingi 20,000 si wizi, mradi CPUID isome 06FB mbele ya macho yako na Prime95 ikimbie nusu saa juu ya mashine yako, si juu ya yake. Uliza pia kama BIOS yako inaitambua G0, kwa kuwa mazabodi za mwanzo wa 2007 zilitoka kabla ya stepingi hiyo na baadhi huhitaji BIOS mpya, ambayo ni lazima uiweke ukiwa bado na SL9UM kwenye soketi. Na wakati wa kubadilisha, kumbuka kwamba katika soketi hii pini zote 775 ziko upande wa mazabodi, si wa prosesa. Iinue prosesa wima, usiiburute, na ukiwa na shaka na mikono ya fundi, ibadilishe mwenyewe.